Sherehe Isiyo na Hotuba

Kaka yangu Lambert alikubali kuja mpaka mlangoni tu. Alinieleza hivyo kwa simu kutoka Bogoro, bila hasira, kama mtu anayekuambia kwamba leo hakuna umeme. Angewaleta watoto wake kwa pikipiki, angewashusha kwangu, angekwenda kukaa kwa rafiki yake karibu na soko, na kabla ya jioni angerudi kuwachukua.

"Ku lupango yenye Yves iko ndani, mi siingie," alisema, akimaanisha ua wa nyumba. "Weye unajua, Solange. Usinisumbue."

Nilijua. Baba yetu alifia hapa Bunia, katika chumba cha kupanga, mwaka ule tulipokimbia kutoka Djugu. Barabara ya Bogoro ilikuwa imefungwa kwa mvua, simu hazikupita, na hatukuwa na mahali pa kuuweka mwili. Yves, mdogo wetu wa mwisho, akaamua tuzike. Lambert ni mtoto wa kwanza wa baba, na kwetu ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Alifika akakuta kaburi limefunikwa na watu wanakunja viti. Hakupiga kelele. Alisimama pale, akatazama udongo, akarudi Bogoro, na tangu siku hiyo hajakula mahali anapokula Yves.

Ningeweza kuwaacha. Wanaume wawili wazima, kila mmoja na nyumba yake, wasipoongea hawafi. Lakini siku moja nilikuwa sokoni na mtoto mkubwa wa Lambert, aliyekuja kuuza kabichi, na Gentille binti wa Yves akapita akanisalimu. Alipokwisha kwenda, yule kijana akaniuliza, "Tantine, ule mutoto ni wa nani?" Alikuwa anauliza habari za binti wa baba yake mdogo. Nilirudi nyumbani nikashindwa kula. Sisi watu wa huku tunajua kukimbia. Usiku ukiharibika, mtoto anashika mdogo wake mkono na kwenda kubisha kwa ndugu. Hawa watabisha kwa nani, ikiwa hata sura hawazijui?

Basi nilitaka wakutane, na nilitaka Lambert apite ule mlango kwa miguu yake. Nilimwambia Mungu hivyo kila asubuhi, kwa maneno hayohayo, mpaka nikaona aibu kumrudia.

Shida ilikuwa aina ya mkutano. Kwenye kilio na kwenye ndoa kuna protokole. Kuna mtu anayeshika maikrofoni, kuna viti vya mbele, na kuna anayeitwa kusema kwa niaba ya familia. Katika ndoa ya binamu yetu aliitwa Yves, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu, na Lambert akainuka na watu wake wote kabla ya sahani kufika. Nilitaka kitu kisicho na maikrofoni.

Binti yangu Ornella hupamba kumbi za ndoa. Ndiye aliyeniletea jibu, kwenye simu yake, tukiwa tunachambua majani ya sombe jikoni.

"Hii banaita tiki, mama. Bantu ba visiwa, kule mbali ku bahari kubwa. Banavaa maua ku shingo, banacheza inje, bakubwa na batoto pamoja. Hakuna protokole."

Nilitazama zile picha. Watu walikuwa wamekaa kwenye majani, wengine wamevaa sketi za nyasi. Palikuwa na mienge ya moto, nyuso kubwa zilizochongwa kwenye magogo, na nanasi zilizopasuliwa na kujazwa maji ya matunda. Mzee mmoja mwenye mvi alikuwa anapita chini ya fimbo huku amejikunja kinyumenyume, na wajukuu wanampigia makofi. Nilimtazama sana yule mzee. Nikawaza, Lambert akicheka hivi mara moja tu, mbele ya Yves, kazi yangu imekwisha.

Tukaanza kupanga. Nazi hapa hatuna, lakini mapapai mabichi ni magumu na yanabiringika vizuri. Watoto wangeyabiringisha kuangusha chupa za maji, kuanzia nyuma ya mstari wa majivu. Nanasi tungezipata kwa Kamate, dereva anayepita Niania, na watoto wangerusha vitanzi vya kamba vikae kwenye majani yake ya juu. Sketi za nyasi tungezitengeneza kwa kufumua magunia. Wanawake wangetunga shada za maua, kila anayeingia avikwe moja. Kungekuwa na fimbo ya kupita chini, muziki kwenye kisanduku cha Ornella, na mwishoni, giza likianza, mienge, na kila mzazi angesimulia hadithi moja ya Djugu ya zamani. Hadithi hiyo niliipanga kwa ajili ya Lambert. Yeye ndiye aliyemwona babu.

Yves nilipomweleza alicheka mpaka akaweka chini mwiko wake wa kujengea.

"Yaya, mi na tumbo hii, nipite chini ya fimbo?" Yaya ndivyo anavyotuita sisi wakubwa wake.

"Utabiringisha papai."

"Papai sawa. Na nani atafungua fete?"

Nilimwambia sherehe hii hakuna anayeifungua. Akaniuliza basi watu watajuaje kwamba imeanza. Nilidhani anatania. Nilikuja kuona kwamba swali lake lilikuwa la kweli.

Ijumaa Ornella alikata mgomba, akachonga kwenye shina lake nyuso mbili, moja inacheka na moja imetoa ulimi, akazisimamisha mlangoni, huku na huku. Juu yake akapinda matawi ya mchikichi yakawa upinde, na kwenye upinde akafunga maua mekundu na manjano. Ilikuwa nzuri. Nilisimama barabarani nikaitazama, na kwa mara ya kwanza niliamini kwamba jambo hili litawezekana.

Jioni hiyo akaja Mama Geneviève, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi. Yeye ndiye anayetunza turubai na viti vya parokia, na nilikuwa nimemwomba aniazime kwa sababu ya jua. Hakuingia. Alibaki nje ya mlango na mkoba wake kifuani.

"Solange, mu lupango ya mukristo, hii sura ni ya nani?"

Nilimwambia ni mgomba. Ni mchezo wa watoto, baada ya siku mbili utaoza. Akasema nyoka wa shaba naye alianza kuwa kitu cha kutazama tu, kisha watu wakamfukizia ubani. Nilikuwa na jibu la Maandiko kichwani, lakini nilihitaji viti. Ornella alizing'oa zile nyuso. Alizibeba begani akawapelekea mbuzi wa jirani, na nilimsikia huko nyuma akiwaambia mbuzi kwamba angalau wao wana akili.

Mama Geneviève sasa aliingia, akaona fimbo, akauliza ni ya nini. Nilipomweleza aliziba mdomo. Mke wa Yves ajikunje vile mbele ya Lambert, shemeji yake mkubwa? Mapaja juu? Hapo, nakiri, alikuwa na haki, na mimi sikuwa nimefikiri. Katika zile picha huwezi kujua nani ni shemeji wa nani. Tukakubaliana fimbo iwe ya kuinulia turubai katikati. Ili kunifariji akaniahidi kwamba kesho angekuja na kikundi chote, waimbe na kupaweka mahali hapa mikononi mwa Bwana. Nilimshukuru. Ningefanya nini?

Asubuhi maua ya upinde yalikuwa yamelala kama mboga ya juzi. Ornella aliyatupa yote, akasema yaliyobaki kwenye ndoo ni ya shada za watoto tu. Hapo hatujanywa chai, akaja Papa Fiacre, mkubwa anayesimamia avenyu yetu, yaani barabara yetu na nyumba zake. Ni mtu mpole, huongea akitazama viatu vyake. Alikuwa amesikia habari za mienge.

"Mama Solange, mienge hapana. Mutu akiona moto mingi hapa, ataamusha batoto yake bakimbie. Na muziki pia, chini, chini kabisa. Muziki ikikuwa juu, tutasikia nini?"

Hakuna mtu wa Bunia anayehitaji kuelezwa swali hilo. Masikio yetu siku zote yako nje. Ornella akafunga kisanduku chake cha muziki ndani ya nguo, akakirudisha chumbani.

Nilifikiri Papa Fiacre amemaliza. Akautazama upinde. Gari la mgonjwa likitaka kupita hapa litapita wapi? Tuushushe. Lakini matawi tusiyatupe, maana watoto watakuwa wengi na pikipiki za avenyu hii zinakimbia ovyo. Tuyachomeke kando ya barabara, kila upande, ili wenye pikipiki waone na kupunguza mwendo. Lilikuwa wazo zuri. Alitusaidia yeye mwenyewe kuyachomeka, akayapangilia vizuri, akajipangusa mikono.

Nilimwambia Mungu waziwazi, nikiwa nimeshika tawi la mwisho: Bwana, mimi niliomba siku moja tu ya kucheza.

Kabla ya saa sita kila kitu kilikuwa tayari, yaani kila kitu kilichobaki. Turubai lilikuwa limesimama. Viti vilikuwa vimepangwa, na ingawa Ornella alivipanga kwa duara, wanawake wa maombi walipofika walivivuta vikawa mistari, kwa sababu mtu huketi akitazama mbele. Nyuma ya nyumba sufuria zilikuwa kwenye mafiga na moshi ulikuwa mwingi, kuni zilikuwa mbichi. Yves alikuwa kule na watoto wake akipima mstari wa majivu na kusimamisha chupa. Mkewe Nadège alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele ya nyumba, akitunga shada. Alikuwa amejifunika kitenge kichwani kwa ajili ya jua, na macho yake yalikuwa mekundu kwa ule moshi, maana alikuwa amepuliza moto tangu asubuhi.

Watu walifika, wakasalimu, wakaketi. Na hapo wakakaa. Niliwaambia karibuni, chezeni, kuna papai, kuna nanasi za kurushia vitanzi. Wakaitikia kwa heshima na kubaki kwenye viti, mikono mapajani. Binamu mmoja aliniuliza kwa sauti ndogo programu ni ipi. Mwingine alitaka kujua kama tunangoja padri. Ornella alirusha kitanzi kimoja ili kuonyesha, kikakaa kwenye nanasi, na watu wakampigia makofi kama wanavyompigia mgeni aliyetoka kusema, wakatulia tena. Nilitamani kupiga kelele. Mama Geneviève aliona nahangaika, akadhani nataka wimbo. Kikundi kikasimama. Hawakuwa na ngoma, na bila ngoma wao huimba zile nyimbo za polepole, za kuinama.

Ndipo nikaanza kuwaona majirani ambao sikuwaalika. Mama mmoja mzee wa avenyu ya pili aliingia na mfuko mdogo wa makaa kichwani. Aliutua karibu na ukuta, akakaza kitenge chake kiunoni, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa taratibu bila neno, akaenda kuketi. Nikadhani amekuja kutusaidia kupika. Nikasema moyoni, Mungu ni mwema, kuna watu wasiongoja kuambiwa. Wakaja wengine, mmoja na kuni, mmoja na unga kwenye beseni. Wote walikuwa wapole mno. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilifurahi tu.

Pikipiki mbili zikasimama barabarani. Moja ilikuwa na watoto wa Lambert, nyingine na Lambert mwenyewe.

Nilianza kwenda kumpokea, maana nilikuwa nimeandaa la kumwambia ili aingie. Nilikuwa nimelikariri. Lakini nilimwona ameshuka na kusimama kama mtu aliyepigwa. Alitazama matawi upande huu wa barabara, akatazama upande ule, vile yanavyochomekwa kwetu penye kilio. Akatazama turubai la parokia, lile ambalo kila mtu wa mtaa wetu amewahi kulia chini yake. Akasikia wimbo. Kisha akaona, juu ya mabega ya watu, mke wa mdogo wake amekaa chini kwenye mkeka kama mjane, kitenge kichwani, macho mekundu, katikati ya wanawake.

Niliona yote pamoja naye, wakati huohuo, nikasimama nilipokuwa.

Lambert alipita mlango. Alipita mbio, akiwa amevua kofia, mikono juu ya kichwa. Alinipita mimi kama mtu anayepita mti.

"Yves, mudogo yangu," alilia. "Baba alienda bila mimi. Na weye pia? Na weye pia, bila kuningoja?"

Alianguka magoti mbele ya Nadège, akashika mkeka. Wanawake wa maombi, wasiojua lolote, waliona mtu analia na wao wakaanza kulia, kwa sababu hatuwezi kumwacha mtu alie peke yake. Yule mama wa makaa alilia kwa sauti kuliko wote. Lambert alisema mambo ambayo sikuwahi kumsikia akisema. Alisema alikuwa na hasira na mvua, na barabara, na kila kitu, na kwamba hasira yote aliitupa kwa Yves kwa sababu Yves ni mdogo na mdogo hawezi kuirudisha. Alisema kila Jumapili alikuwa akijiambia ataenda Jumapili nyingine. Nadège alimtazama mdomo wazi, sindano na ua mkononi.

Yves akatokea nyuma ya nyumba na papai bichi kwapani, kuja kuona ni nani amekufa.

Sauti zikakatika moja baada ya moja. Lambert aliinua uso. Machozi na vumbi vilikuwa vimechora mistari kwenye mashavu yake. Akainuka polepole, akaenda mpaka kwa Yves, akamshika mkono juu ya kiwiko, akaubonyeza kama mtu anayenunua kuku.

"Weye iko muzima," alisema. Ilikuwa kama mashtaka.

"Niko muzima, yaya."

Lambert akamwachia. Akanigeukia mimi, na hapo nilimwona akiwa na aibu, na aibu ile ikawa hasira mbele ya macho yangu.

"Solange. Mulipanga hii?"

Nikaanza kumweleza. Nilimweleza habari za visiwa na bahari kubwa, kwamba watu wa huko huvaa maua. Nilimweleza mgomba, na mbuzi, na gari la mgonjwa. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kusikika kama mwongo, au kama mtu aliyepoteza akili. Nilimgeukia Mama Geneviève anisaidie, akawa anatafuta kitu kwenye mkoba wake. Papa Fiacre, aliyekuwa ametoka kuingia, alitazama viatu vyake.

"Matanga ya mutu muzima," alisema Lambert. "Munamuimbia mutu muzima." Akaokota kofia yake, akaita watoto wake, akaelekea barabarani.

Nilijua kwamba akitoka hapo hatarudi tena, hata mpaka mlangoni. Nilikuwa nimekariri maneno na yote yalikuwa yamenitoka. Nilitaka kumwomba Mungu, na kitu pekee kilichokuja ni: nimechoka, fanya mwenyewe.

Yule mama wa makaa ndiye aliyesema. Alikuwa bado anapangusa machozi, na alikuwa amekasirika pia, kwa sababu alilia sana bila sababu.

"Weye, papa. Umelia mu lupango ya bantu, sasa unarudi na ile machozi ku nyumba yako? Utapelekea nani?"

Lambert akasimama. Kwetu, anayelia kwenye kilio harudi nyumbani kabla ya kunawa uso na mikono na kuketi kidogo. Asipofanya hivyo anabeba kilio mpaka kwa watoto wake. Baba alitufundisha hilo, na Lambert, zaidi yetu sote, hawezi kukiuka la baba. Alitazama watoto wake, waliokuwa wamesimama karibu na pikipiki wakiwa na hofu. Nilimtazama Mama Geneviève, nikijua neno moja lake kuhusu mila litaharibu yote. Akafunga mkoba wake, akasema kunawa mikono si dhambi.

Lakini maji hayo lazima yamiminwe na mtu wa nyumba ya marehemu. Watu walitazamana. Nadège alianza kuinuka, kisha akaketi tena, kwa sababu kumnawisha shemeji mkubwa hadharani si kazi ya mwanamke. Nikamwona Yves anatua papai chini. Akaenda jikoni, akarudi na birika na beseni.

"Yaya," alisema, "leo marehemu atamimina mwenyewe."

Mtu mmoja nyuma alicheka akajizuia. Lambert hakucheka. Alinyoosha mikono. Yves alimimina taratibu, na maji yalikuwa mengi kuliko ya kunawa. Lambert akajinawa uso, shingo, akajinawa tena uso. Hakuna aliyesema kitu kuhusu baba. Nilingoja waseme. Nilikuwa pale karibu, nikiwa na taulo, nikingoja kama mtu anayengoja basi. Lambert akachukua taulo, akajipangusa, akaketi kwenye kiti. Yves akaketi kwenye kiti kingine, na kati yao wakaacha kimoja kitupu. Wakatazama mbele, mistarini, kama wote.

Hivyo ndivyo sherehe yangu ilivyokuwa: watu wamekaa kimya chini ya turubai, baada ya kilio kisicho na maiti. Majirani hawakuondoka, kwa sababu waliokwisha kuleta kuni hawaondoki bila kula. Niliwaeleza mara nyingi kwamba hakuna aliyekufa, wakasema ndiyo, asante Mungu, na wakabaki. Nilijaribu kumrudishia yule mama makaa yake, akanitazama kana kwamba nimemtukana. Ornella alikuja akaniegemea begani. Aliniambia kwamba kwa kweli watu wa visiwa wana bahati, hawana majirani. Nilitaka kumkemea, sikuweza. Nilikwenda nyuma ya sufuria nikalia kidogo, na nikaulaumu moshi.

Watoto ndio waliochoka kwanza. Hawakuwa na programu ya kungoja. Gentille alichukua papai ambalo baba yake alilitua, akalibiringisha, likakosa chupa zote. Mtoto mkubwa wa Lambert akamwambia analishika vibaya. Gentille akamwambia basi shika weye. Akashika, akaangusha chupa moja, na baada ya muda mfupi wote walikuwa nyuma ya mstari wa majivu, wakisukumana, wengine na sketi za magunia juu ya kaptura zao. Hakuna aliyewavika shada. Walijivika wenyewe.

Yves alivumilia kidogo tu. Akainuka, akaenda kuwaonyesha. Papai lake la kwanza liliangusha chupa karibu zote, na akainua mikono juu kama aliyefunga goli.

"Ule hapana hesabu," alisema Lambert kutoka kwenye kiti.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Yves tangu maji, na ya kwanza yasiyo ya kilio tangu kaburi la baba. Yves akageuka.

"Kwa nini hapana hesabu?"

"Muguu yako ilipita mustari."

"Muguu yangu iko wapi na mustari iko wapi? Yaya, kuja uone."

"Naona kutoka hapa."

"Kutoka huko unaona nini? Hata mi mwenyewe ulishindwa kuona."

Lambert akainuka, akatembea mpaka kwenye mstari, akachuchumaa, akaweka kidole chake kwenye majivu mahali palipovurugika.

"Na hii ni nini? Ni muguu ya mbuzi?"

Walibishana. Yves alisema mtoto ndiye aliyekanyaga. Lambert aliwaita watoto kama mashahidi, na watoto wakagawanyika, lakini si kwa nyumba: binti wa Yves alisema baba yake amekanyaga, mtoto mdogo wa Lambert alisema hapana. Lambert akachukua papai ili kuonyesha namna mtu mwenye haki anavyosimama. Alikosa. Akadai chupa zimesogezwa. Yves akacheka, na Lambert akamwambia asicheke, arudishe chupa mahali pake, na atie maji zote sawasawa, maana nyingine ni nyepesi na upepo unaziangusha. Yves akasema hakuna upepo. Lambert akasema upepo upo.

Nilileta chakula. Nilipanga sahani zao kwenye kile kiti kitupu, nikawaita. Nikawaita tena. Mama Geneviève alisimama tayari kwa sala ya kubariki, macho yamefungwa, akafumbua jicho moja, akafunga. Mchuzi ulikuwa unapoa na kufanya ngozi juu.

"Bakaka zangu," nilisema, "chakula."

"Ngoja kwanza," walisema, mmoja baada ya mwingine, bila kugeuka.

Nikafunika sahani.